Tembo wa Dada Mtu

Mchezo ulikuwa bado haujafunguka. Dada mtu alipiga magoti mbele ya kompyuta, jasho likimtoka utadhani anaisukuma. Kwenye kioo, namba ya kuonyesha mchezo umefunguka kiasi gani, moja hadi mia, ilipanda kwa kujivuta.

"Bado kidogo, wanangu. Arobaini na moja hiyo. Arobaini na mbili, mnaiona? Inakuja, inakuja!"

Watoto wa chekechea walimzunguka, wakimfuatisha.

Chumba cha pili kulikuwa na vifijo. Injini ya kaka mtu, yaani ile programu aliyoundia mchezo wake, ilikuwa nyepesi. Ukibofya tu, bata hao! Bata mmoja, bata wawili, mpaka kumi.

Ndugu hawa walikuwa na ofisi moja na ugomvi mmoja: gemu zao za kufundishia watoto waziunde kwa injini ipi? Ya dada ilitoa picha za kupendeza. Tembo wake akipepea masikio, unatamani umshike. Ila nzito, jamani, nzito! Na kompyuta za shule zilikuwa kuukuu. Wakakubaliana kila mmoja aunde mchezo wa kuhesabu, apewe nusu ya darasa, kisha mwalimu awapime watoto. Atakayeshindwa, injini yake inatupwa. Dada alikuwa ameisomea ya kwake miaka, hata harusi za rafiki zake alizikosa. Leo aitupe? Roho ilimuuma.

"Dada, kubali yaishe," kaka mtu alimtania kila jioni. "Tembo wako bado yuko njiani?"

"Cheka tu."

Siku ya kupimwa, mtoto wa upande wa kaka alihesabu mpaka kumi bila kukosea. Makofi! Kaka mtu akamkonyeza dada yake.

Kakasimama kasichana ka upande wa dada, kamasi puani. Dada mtu akafumba macho.

"Moja, mbili, tatu..." Kakafika kumi. Hakakuishia hapo. Kakapita ishirini, kakapita hamsini, mwalimu mdomo wazi. "...tisini na nane, tisini na tisa, mia!"

"Makubwa haya!" Mwalimu alimkumbatia dada mtu. "Huo mchezo wako ni kiboko! Hebu tuambie, mwanangu, ukifika mia, tembo anafanya nini?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao.

"Tembo gani? Ikifika mia kengele inalia, tunaenda nyumbani."