Makaa ya Kumpokea Karani

Asubuhi hiyo karani wa kata alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuona nani apewe mtungi wa gesi wa bure msimu wa baridi. Bibi Tusekile hakuwa amewasha moto kwa siku nne, lakini aliona haya kumkaribisha mgeni kwenye jiko la baridi. Akaenda kwa jirani yake, Mama Ngwisa, ambaye alimgawia nusu ya makaa yake bila kumuuliza neno.

Karani alipoingia, jiko lilikuwa jekundu na chai ya tangawizi inachemka. Alivua koti.

"Kwako kuna joto, bibi. Ofisini tunatetemeka."

"Sogea karibu, mwanangu, usije ukaumwa kifua."

Karani alikunywa vikombe viwili, akajaza fomu.

"Weka dole gumba hapa."

Bibi akaweka, ndipo akauliza, "Umeniandikia nini?"

"Nilichokiona. Makaa unayo, na unapika. Wenzako hawana hata kijinga cha moto, bibi yangu."

"Haya nimeyaomba kwa jirani, mwanangu. Nimeyawasha kwa ajili yako."

"Wote mnasema hivyo," karani alisema kwa upole. Akavaa koti, akashukuru kwa chai, akatoka.

Bibi akafungua dirisha.

"Mama Ngwisa, njoo na watoto. Yasiungue bure."

Wakaja, wakalizunguka jiko, wakizidi kusogea kadiri wekundu ulivyopungua.