Moshi Uelekee Bondeni

Baltazar alilamba kidole, akakiinua juu. Upepo ulikuwa bado unavuma kuelekea nyumbani kwake, basi akakaa juu ya magunia kusubiri.

Magunia yalijaa nyaya za redio na chaja za zamani. Kelvin, fundi simu wa Katesh, alimuuzia kwa bei ya kutupa, na kumwonya juu yake.

"Plastiki hii viwanda vimeshaiacha, kaka. Ukiichoma inatoa sumu, na watoto wachanga ndio inawamaliza."

Onyo hilo Baltazar alilishika. Alitaka shaba iliyomo ndani ya nyaya, na njia aliyoijua ya kuitoa ni moto. Lakini alikuwa na Brightness, binti wa miezi mitatu, aliyengojewa miaka tisa. Kwa hiyo hakuchoma hata waya mmoja mpaka upepo ugeuke kuelekea bondeni, kwenye malisho ya mzee Gidamis. Baba mwenye upendo namna hiyo utampata wapi?

Upepo uligeuka. Akawasha, kama alivyokuwa akifanya kwa wiki kadhaa.

Mchana mzee Gidamis alipanda kutoka bondeni na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Majani yangu yamekuwa meusi, Baltazar. Ng'ombe wanakula masizi yako."

"Ni moshi tu, mzee. Mvua ikinyesha yataoshwa."

Mzee alimeza hasira. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ananenepa."

"Vizuri," alisema mzee, akashuka zake.

Baltazar aliporudi nyumbani alioga, akabadili nguo huko huko nje, ndipo akaingia kumbeba mwanawe. Alipombusu, mdomo wa mtoto ulinuka moshi. Alishtuka sana.

"Mama Brightness! Nimemletea moshi mtoto!"

Irene, mkewe, aliinamisha kichwa.

"Si wewe. Ni maziwa. Yangu yalikatika tangu mwezi wa kwanza, nikaona aibu kukwambia. Mke wa mzee Gidamis ananiletea ya ng'ombe wao kila siku, bure. Anasema kwao nyumba yenye mtoto mchanga haiachwi bila maziwa. Kibuyu chenyewe wanakifukiza kwa moshi wa kuni, ndiyo maana yananuka hivyo."

Baltazar alikaa kitandani.

Mtoto alianza kulia kwa njaa. Irene, aliyejiona ametua mzigo mzito, alimimina maziwa kwenye kikombe, akatia kijiko, akamkabidhi mumewe.

"Mnyweshe wewe leo, baba Brightness," alisema. "Hataki kitu kingine."