Pedi za Jumapili

Kombo alisimama dukani kwa Ladislausi, muuza vipuri, mkono mmoja ameshika pedi za breki za mjini, mwingine za mbio za magari.

"Nataka zinazofaa kote," alisema kwa mara ya nne.

"Hazipo, ndugu yangu. Za mbio hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Za mjini zikichemka sana zinaacha kushika. Chagua."

"Za mjini zilinitupa nje ya uwanja mbele ya watu wote."

Zawena, mkewe, alikuwa mlangoni na binti yao mwenye sare za shule. Asubuhi hiyo, gari likiwa na pedi za mbio, Zawena alikanyaga breki nalo likapitiliza, likasimama hatua mbili tu kutoka kwa watoto waliokuwa wakivuka barabara.

"Mashindano ni Jumapili moja moja, baba Zuhura," alisema taratibu. "Shule ni kila siku."

"Najua. Lakini wiki mbili zijazo kuna mashindano, na..."

Zawena hakungoja amalize. Aliweka funguo za gari kwenye kaunta, akamshika Zuhura mkono, wakaondoka kwa miguu.

Kombo alitoka hadi mlangoni. Barabara haikuwa na njia ya waendao kwa miguu, na malori yalikuwa yakiwapita karibu mno.