Somo wa Bi Mwanakheri

Siku hizi hakuna watu wawili wenye jina moja. Mwanangu alipozaliwa, kila jina zuri nililolitaja, kifaa cha ukutani kilijibu kwamba lina mwenyewe. Nikaunganisha sauti zilizobaki, nikamwita Zoraksini. Wakati ule niliona linang'aa.

Sasa ana miaka sita na hataki kutoka nje.

"Wenzangu wanasema ni dawa ya kunguni," alilia leo mchana.

"Waambie basi wakuogope, maana kunguni ni wao," bibi yake alimjibu. Mtoto akacheka kidogo.

Kisha mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, akanigeukia. "Zamani mjukuu alipewa jina la bibi yake, wakaitana somo. Mimi sina somo. Jina langu likibaki wazi, nani hulipata kwanza?"

"Mtu wa nyumbani, mama. Lakini jina haliachwi ila na maiti."

"Najua, mwanangu."

Nikamwambia hatulitaki, Zoraksini atalizoea lake. Alinipapasa shavu, akaniomba nimpikie mtoto wali wa nazi, akaenda kujilaza.

Nilikuwa nakuna nazi kifaa kiliposema, "Jina Mwanakheri sasa halina mwenyewe. Je, mnalitaka?"

Nilikitupa kifuu, nikakimbilia chumbani kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikaugonga kwa ngumi zote mbili, nikimwita, na nyuma yangu nikamsikia mwanangu akiitikia kwa furaha:

"Ndiyo! Nipeni mimi!"