Pipa la Kuyeyushia Plastiki

Dizeli ilidondoka chupani tone kwa tone, na majirani waliokuja kununua hisa wakapiga makofi.

"Hii ndiyo mifuko na ndoo zenu mbovu!" fundi alijigamba. "Nimeziyeyusha humu tangu alfajiri. Pipa bado linatokota!"

Machale yakamcheza mkewe. Alfajiri gani, na yeye alimwacha kitandani anakoroma? Akalisogelea pipa, akaliwekea kiganja.

"Mama watoto, utaungua!" fundi akapiga kelele.

Pipa lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Kutu tu ndiyo iliyomkwaruza.

Umati mzima ukamgeukia. Mbele kabisa alisimama kaka yake wa tumbo moja, noti mkononi. Mumewe akamkazia macho.

Mke akauondoa mkono upesi, akaanza kuupuliza.