Barua Iliyorudi Kemambo

Kidole gumba cha Wankuru, kikiwa bado na unga wa muhogo, kilisimama juu ya picha ya pipa la taka kwenye simu. Juu yake kulikuwa na alama nyekundu na maneno: "Barua pepe yako haikufika."

Ilikuwa barua ya kuomba kazi ya jikoni, kwenye kambi ya watalii kule Robanda. Sasa imerudi. Na hapa Kemambo hata mtoto anajua: ng'ombe wa mahari wakirudishwa, hakuna ndoa tena.

"Wamenikataa, tata," akamwambia baba yake.

Mzee hakuacha kusokota kamba ya ndama. "Imerudi na maneno gani?"

"Haikufika. Basi."

"Hakuna anayerudisha ng'ombe bila neno. Soma mpaka mwisho."

Wankuru akafuta kidole kwenye kanga. Chini ya alama nyekundu palikuwa na mshale mdogo ambao hakuwahi kuujali. Akaugusa. Yakamwagika maneno ya kompyuta, madogo kama punje za wimbi, na katikati yake mstari mmoja unaosomeka: sanduku la mpokeaji limejaa, jaribu tena baadaye.

Akausoma kwa sauti. Kamba ikatulia mikononi mwa mzee.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiona."

"Hakuna, tata."

"Basi zizi lao lilijaa tu. Swaga tena."

Wankuru akabonyeza kutuma, akaiweka simu juu ya jiwe la kusagia. Mzee alimaliza kamba yake, akamfunga ndama, akarudi kuketi. Alama nyekundu ilikuwa bado haijaja.