Fomu ya Yatima

Siku ya tatu bila kuinjika chungu, Mwasiti alimpeleka binti yake, Zaina, kwenye kituo cha yatima.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza mlezi, Bi Perusi, kalamu mkononi.

"Alifariki. Mimi ni shangazi yake."

Bi Perusi aliwatazama. Macho ya wote wawili yalikuwa yale yale. "Dada, huyu ni wako. Kwa nini alishwe akiwa hapa tu, asilishwe akiwa kwako? Nitakwenda kuwauliza wakubwa wa kituo."

"Watajibu lini?"

Bi Perusi aliinamia fomu, akaandika "yatima".

Mwasiti aliinama amfunge mtoto vifungo vya sweta. Zaina, mwenye miaka sita, alirudi nyuma hatua moja.

"Asante, shangazi," alisema, akavifunga mwenyewe.